Watoto, baiskeli na Mto Boise: tuanze na breki

Kila mwaka theluji ikishaisha na jua likaanza kukaa, wazazi huja karakana na swali lile lile: fundi, Greenbelt, ile njia ya baiskeli na ya miguu kando ya Mto Boise hapa Idaho, tuanzie wapi na watoto, na twende maili ngapi? Mimi huomba kwanza niione baiskeli ya mtoto. Wengine hushangaa, maana wameendesha tangu Uvira au kambini Nyarugusu, tena na gunia kwenye karia na mtu juu ya gunia. Lakini baiskeli ya mtoto wa miaka mitano ina mambo yake, na kando ya mto breki ndiyo inayoamua mwende wapi.

Nyingi zinazouzwa hapa Marekani zina breki ya mguu: mtoto anakanyaga pedeli kinyumenyume, gurudumu la nyuma linakamata. Inawafaa wenye vidole visivyo na nguvu bado, ila ina kasoro mbili ambazo dukani huelezwi. Pedeli zikiwa zimesimama wima, moja juu kabisa na moja chini kabisa, mguu hauna pa kusukumia. Inabidi mtoto azungushe mbele kidogo ndipo akamate, na huo ndio muda ambao bata ameshafika mbele yake. Ya pili, cheni ikitoka, breki imekwenda nayo. Kwa hiyo nainua gurudumu la nyuma, nabonyeza cheni katikati kwa kidole. Ikicheza zaidi ya sentimita 1 hivi, nalegeza nati, narudisha gurudumu nyuma kidogo, nakaza tena. Kazi ya dakika tano.

Kama breki ni ya mkono, angalia kama vidole vinafika. Baiskeli nyingi zina skrubu ndogo kwenye kishikio cha breki, ya kukisogeza karibu na usukani. Wazazi wengi hawajawahi kuigusa.

Kisha nenda kwenye maegesho matupu na chaki. Chora mstari. Mtoto aje kwa mwendo wake wa kawaida, na gurudumu la mbele likigusa mstari sema "Simama!" Akisimama ndani ya urefu wa baiskeli mbili, mko tayari. Anayeburuza viatu ili asimame, huyo abaki kwanza kwenye uwanja wa nyasi. Najua atalia.

Nakazia hivyo kwa sababu ya mto wenyewe. Mto Boise hujazwa na theluji ya milimani, na juu ya mji kuna mabwawa matatu: Arrowrock, Anderson Ranch na Lucky Peak. Majira ya kuchipua maji hufunguliwa ili mabwawa yapate nafasi ya theluji inayoendelea kuyeyuka, kwa hiyo mwezi wa tano, hata kama hapa mjini hakujanyesha, mto unaweza kuwa umejaa hadi ukingoni, wa baridi kali na wa kasi. Sehemu za Greenbelt zinazopita chini ya madaraja ndizo hufunikwa kwanza. Mwaka 2017 vipande vingi vilifungwa kwa muda mrefu. Tazama matangazo ya jiji kabla ya kutoka, kwa kuwa njia ikifungwa mtalazimika kupandia barabarani kwenye magari. Mimi na watoto wadogo nangoja hadi mwezi wa saba. Joto nalo hupita nyuzi 35 siku nyingine, basi tunatoka asubuhi.

Sasa, mzazi akae wapi? Wengi hutaka kukaa upande wa mto, na naelewa moyo wa mzazi. Lakini hapa tunapita kulia, na ukipanda kuelekea mashariki kwa ukingo wa kaskazini, mto uko kulia kwako. Ukijiweka kati ya mtoto na mto, umemsukuma mtoto katikati ya njia, kwa watu wanaokuja na baiskeli zao za umeme. Hao ndio atakaogongana nao, si maji. Kaa kushoto kwake, nyuma kidogo, mkono wako ufikie bega lake. Akija mtu, rudi nyuma ya mtoto, usitangulie, kwa sababu ukiwa mbele humwoni. Ukiwa peke yako na wawili, mkubwa atangulie umbali wa kuitika, mdogo awe mbele tu ya gurudumu lako. Chini ya madaraja kuna giza na kona. Piga kengele kabla hamjaingia.

Na mtoto huenda anakotazama. Ukimwambia "angalia bata!" usukani unafuata macho, na bata bukini hapa ni wengi. Mwambie "tazama mti ule mbele". Ukitaka wamwone bata, simameni.

Njia ninayopenda kwa wanaoanza ni kutoka Julia Davis Park, penye bustani ya wanyama, kwenda mashariki kama kilomita 2 hadi MK Nature Center, kituo cha kuonyesha viumbe wa mtoni. Pale kuna madirisha chini ya usawa wa maji, mtoto anasimama uso kwa uso na samaki aitwaye trauti. Mtakaa huko muda mrefu kuliko mlivyoendesha, na ni sawa kabisa. Kurudi mnateremka na mto. Barber Park, mbali zaidi juu ya mto, waachieni wa miaka minane na kuendelea. Upande wa kusini kuna Bethine Church River Trail, hiyo ni ya watembea kwa miguu tu. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipandishwe kwenye kiti wala tela, shingo yake bado haijakaza.

Limebaki jambo la mbigili. Ndiyo, mbigili ile ile tuliyoikanyaga nyumbani, imeenea hapa hadi tamasha la baiskeli la mji, lililoanza 2018, linaitwa Goathead Fest kwa jina lake la Kiingereza. Tunda likikauka hupasuka vipande vitano, kila kimoja na miiba miwili migumu, na kianguke vipi, mwiba mmoja utatazama juu. Msishuke kwenye vumbi la pembeni kuanzia mwisho wa kiangazi. Ukiuona mwiba umekaa kwenye tairi na tairi bado gumu, usiuchomoe pale njiani, kwani ndio unaoziba tundu. Endesheni hadi kwenye gari, penye pampu na kiraka, ndipo uutoe. Baiskeli za wanangu nimezitia tyubu zenye dawa ya kuziba. Zinaongeza uzito kidogo, wananung'unika kwenye kilima, lakini pancha zimepungua sana.