Charleston kwa jicho la mpishi wa pilau

Mimi ni mpishi wa shughuli. Hapa Maryland ninapoishi, simu nyingi zinazonijia ni za harusi, hitma au arobaini ya mtoto, na karibu kila mwenye shughuli anataka pilau. Kwa hiyo mashoga zangu watatu waliponiambia kwamba Aprili tunakwenda Charleston na safari hii sishiki mwiko, nilikubali papo hapo. Wenzangu walivutiwa na picha za nyumba za rangi rangi na miti mikubwa yenye majani ya kijivu yanayoning'inia kama ndevu za wazee. Mimi nilikuwa na hamu ya siku nyingi ya kuuona mji uliojengwa kwa mchele.

Namaanisha hivyo hasa. Charleston, katika jimbo la South Carolina, ilianzishwa mwaka 1670, na katika karne ya 18 sehemu kubwa ya utajiri wake ilitoka kwenye mpunga uliolimwa pembezoni mwa mito. Wengi wa waliotumikishwa mashambani walitoka Afrika Magharibi, kuanzia Senegambia hadi Sierra Leone, ambako watu walikuwa wakilima mpunga tangu kale. Walikuja na ujuzi wao kichwani. Wakafyeka vinamasi, wakajenga tuta baada ya tuta, wakatengeneza milango ya mbao ya kuingiza na kutoa maji kwa kufuata kupwa na kujaa kwa bahari. Wenye mashamba wakajenga majumba mjini.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa anayepanga safari hii na wenzake ni kwamba asianze na majumba. Aanzie gatini, Gadsden's Wharf. Hakuna bandari katika nchi inayoitwa Marekani leo iliyoteremsha Waafrika wengi waliotiwa utumwani kuliko Charleston, na maelfu kwa maelfu walishukia gati hili, hasa katika miaka michache kabla ya biashara ya kuwaingiza kupigwa marufuku mwaka 1808. Tangu Juni 2023 hapo pana Jumba la Makumbusho la Kimataifa la Waamerika Weusi. Jengo lenyewe limeinuliwa juu ya nguzo 18, ili ile ardhi isikaliwe na kitu. Chini yake, nje, pana sakafu yenye michoro ya miili ya watu waliolazwa ubavu kwa ubavu kama walivyopangwa melini. Maji yanajaa juu yao taratibu, kisha yanapwa, kisha yanajaa tena. Tulisimama pale muda mrefu. Mwenzetu wa Mombasa alivua viatu, sijui kwa nini, na sote tukavua.

Baada ya hapo tulikwenda kula, na kuanzia hapo chakula kikawa na maana nyingine kabisa.

Neno la kwanza nililolitafuta kwenye menyu lilikuwa pilau. Ndiyo, pilau. Watu wa pwani ile wana wali wao wanaouita "perloo", na tahajia zake ni nyingi kama nyumba zinazoupika, lakini ni neno lile lile lililosafiri njia nyingine. Wanakaanga vitunguu, wanatia kuku au kamba, wanamimina supu, kisha mchele unaivia humo humo hadi kila punje inakunywa ladha ya nyama. Usitegemee bizari nyembamba, hiliki wala karafuu. Kuna pilipili manga, majani ya kunukia na kitunguu kingi. Kijiko cha kwanza kilinipa shida kwa sababu ulimi wangu ulikuwa ukisubiri viungo. Cha tatu kikanifundisha kuisikiliza supu. Mpishi yule alikuwa amechemsha mifupa kwa saa nyingi, na mtu wa kazi hii huijua supu ya namna hiyo hata macho yakiwa yamefungwa.

Kuna pia wali mwekundu, unaopikwa kwa nyanya na kitunguu hadi ukaukie. Ukishakula jollof ya Wasenegali au Waghana, utamtambua ndugu yake. Kuna wali na kunde wanaouita "hoppin' John", ambao huliwa hasa siku ya mwaka mpya kuomba heri. Kuna supu ya bamia. Kunde na bamia zote asili yake Afrika, na hata jina "gumbo" wanalotumia Wamarekani wa Kusini limetokana na jina la bamia katika lugha za Kibantu za Angola. Hapo mwenzetu wa Bukavu akapata zamu yake. Tulikuwa tumenunua karanga za kuchemsha na maganda yake, zinazouzwa kando ya barabara zikiwa bado moto, na muuzaji akaziita "goobers". Shoga yangu akasimama: "Nguba! Kwa Kilingala karanga ni nguba." Akalirudia mara tatu, na muuzaji akatuongezea bila kuombwa.

Biskuti nyembamba za ufuta zinaitwa "benne", na hilo ni jina la ufuta kwa Kimandinka. Nunua za kutosha. Ladha yake ilinirudisha kwenye kashata za ufuta za utotoni, ila hizi hupasuka mdomoni kama karatasi.

Sasa jambo la kuzingatia, hasa kwa wasiokula nguruwe. Upishi wa Kusini hutia nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi mahali usipopatarajia: kwenye mboga, kunde, wali mwekundu, hata kwenye "grits", ambazo ni chenga za mahindi zilizopikwa hadi zikawa kama ugali laini, mara nyingi zikiliwa na kamba juu. Mgahawa mmoja tuliuliza kama zile mboga, jamaa za sukuma wiki, zina nguruwe. Tukaambiwa hazina. Mwenzetu wa Mombasa alipofika chini ya bakuli akakuta mfupa. Aliumia, na sisi tukaumia naye. Naamini mhudumu hakukusudia: kwake nguruwe ni nyama iliyoko sahanini, si kiungo cha supu. Kwa hiyo uliza hivi: "Sufuria hii mmetia nyama gani tangu mwanzo?" Siku hizi wapishi wengi hutumia bata mzinga aliyekaushwa kwa moshi badala yake, na mboga hutoka tamu vilevile. Supu maarufu ya kaa jike, yenye mayai ya kaa na malai, nayo hutiwa mvinyo. Uliza pia.

Siku ya pili tulikwenda sokoni, Charleston City Market. Hapo ndipo ningekaa siku nzima kama wenzangu wangeniruhusu. Akina mama wa Kigullah, wazao wa waliolima ule mpunga, hukaa wakishona vikapu vya nyasi tamu inayoota kwenye mchanga wa pwani. Wenyewe husema wanashona, hawasuki: wanakunja kitita cha nyasi kwa duara na kukifunga kwa ukindu mwembamba wa mti uitwao palmetto. Niliinama nimwangalie mama mmoja. Chombo chake cha kutobolea kilikuwa mpini wa kijiko, umekatwa na kunolewa, umeng'aa kwa kushikwa. Nikamuuliza kikapu cha kwanza kabisa kilikuwa cha kazi gani. Akanionyesha kimoja kipana, kifupi, chenye ukingo mdogo. Ungo! Mpunga ulitwangwa kwenye kinu cha mti kwa mchi, kisha ukapepetwa kwa hicho, pumba zikaruka na upepo. Nikakishika kwa mikono miwili na kukitikisa kama alivyonifundisha bibi, na yule mama akacheka akasema mkono wangu unajua.

Bei ni makumi ya dola kwa kidogo, mamia kwa kikubwa. Tafadhali usimkabe mtu kwa bei. Kikapu kikubwa ni kazi ya wiki nyingi.

Majumba tuliyaona siku ya tatu, na sikujuta kuyachelewesha. Nyumba nyingi za kale za Charleston zina upana wa chumba kimoja tu, ubavu mwembamba umetazama barabara, na pembeni pana baraza refu la kupokea upepo wa bahari. Ukifungua mlango wa mbele huingii ndani, unaingia barazani. Zile 13 za rangi za Rainbow Row ni nzuri kweli, nenda asubuhi kabla ya joto. Tazama pia mageti ya chuma ya Philip Simmons, mhunzi Mweusi aliyeishi kuanzia 1912 hadi 2009. Vaa viatu vya chini, mitaa mingine ni ya mawe.

Mwongoza watalii wetu alitusimamisha kwenye ukuta wa matofali ya zamani, akatuambia tupapase. Kwenye tofali moja palikuwa na vishimo vitatu. Alama za vidole, za aliyelibeba udongo ukiwa mbichi. Nikaweka vyangu. Havikuingia. Matofali mengi yalibebwa na watoto waliotiwa utumwani.

Nimerudi na mfuko wa mchele wa Carolina Gold, mbegu ya kale iliyokaribia kupotea kabisa baada ya kilimo kile kufa, ikafufuliwa miaka ya 1980. Mara ya kwanza niliupimia maji kama basmati, ukawa bokoboko. Mara ya pili nikafuata njia ya kwao: nikauchemsha kwenye maji mengi ya chumvi, nikauchuja, nikautandaza kwenye trei na siagi kidogo, nikauingiza kwenye oveni ukaukie, kama sisi tunavyopalia makaa juu ya mfuniko. Punje zikasimama moja moja. Jumamosi mashoga zangu wanakuja kula.