Kupinga kemikali sumu siyo kufanya usafi

Siku hizi kila kikundi chenye mafagio na riflekta kinajiita mtandao wa jamii wa kupinga uchafuzi wa kemikali. Hapa Dodoma ndo usiseme, Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wanazoa chupa sokoni, wanapiga picha ya pamoja, jioni ukisoma maelezo ya picha unaambiwa eti mtandao umepambana na sumu. Hamna sumu iliyopambanwa nayo hapo jamani, mmefagia. Na kufagia ni kuzuri, ila ni kazi nyingine.

Maana yenyewe ya mtandao wa namna hiyo ni fupi tu: wakazi wa sehemu tofauti wanaosumbuliwa na kemikali ya aina moja, wanapeana taarifa, vipimo na mbinu, halafu wanambana anayeizalisha au kuiuza au kuiruhusu mpaka aache, na ikibidi alipe. Basi. Inaweza kuwa mitaa mitatu tu, inaweza kuwa kubwa kama IPEN, mtandao wa dunia wa mashirika yanayopinga kemikali sumu, iliyoanza 1998 na ina mashirika kwenye nchi zaidi ya 100, Tanzania imo.

Sasa uchafu unauona, unaunuka, unaukanyaga. Sumu nyingi haziko hivyo. Chukua zebaki kwa wachimbaji wadogo hapo Singida: mawe yameshasagwa kwenye karasha, mchanga umeoshwa, mtu anamimina zebaki kwenye beseni anachanganya kwa mkono mtupu, inazoa vumbi la dhahabu mpaka panakuwa na kibonge cha rangi ya fedha, kibonge kinapigwa moto, zebaki inaruka kama mvuke dhahabu inabaki. Huo mvuke hauna rangi wala harufu, na mara nyingine kibonge kinachomwa hapohapo uani watoto wanapita. Ukija na fagio pale unafagia nini? Na ile iliyotiririka na maji, bakteria wanaigeuza kuwa aina kali zaidi, inaingia kwenye samaki, inamfuata mlaji. Minamata kule Japani ndo ilikuwa hivyo, kiwanda cha Chisso kilikuwa kinamwaga maji yenye zebaki baharini, ugonjwa ukatambuliwa rasmi 1956, umwagaji ukaja kukoma 1968. Miaka 12 watu wanajua kuna ugonjwa na bomba bado linatiririsha! Mkataba wa kimataifa wa zebaki wa 2013 ukapewa jina la mji huo.

Ndo maana wenzetu wanaanza na kupima, siyo kuzoa. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilikuwa ubavuni mwa nyumba za watu. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa palepale, mwanae akaugua, kumbe ni sumu ya madini ya risasi, yale yaliyomo kwenye betri. Hakuitisha usafi wa mtaa. Watoto wengine nao wakapimwa damu, watu wakaandamana, kiwanda kikafungwa 2014, wakaenda mahakamani, Julai 2020 jaji akaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na hata hapo haikuisha, kesi ikapanda rufaa. Mtaa mmoja ukilalamika peke yake utaambiwa ni malaria, au mnatafuta hela, au mmerogana. Ikija mitaa mitano kila mmoja na karatasi yake ya maabara, hapo lugha inabadilika, na hiyo ndo faida ya kuwa mtandao kuliko kuwa kikundi.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Baada ya kufagia, ile takataka inapigwa kiberiti. Yote! Mifuko, mabomba ya plastiki, na kwa huku kwetu kwenye zabibu, Hombolo, Mpunguzi, yamo na makopo ya dawa za kupulizia. Ukichoma plastiki yenye klorini kama yale mabomba ya maji ya PVC unatengeneza dioksini, sumu kali sana, na dioksini imo kwenye kemikali 12 za mwanzo kabisa za Mkataba wa Stockholm wa 2001, ule wa kimataifa wa sumu zinazodumu muda mrefu, kundi moja na DDT, ile dawa ya kuua wadudu. Yaani mmeamka asubuhi kupinga sumu, saa sita mmeshaizalisha wenyewe, na moshi unaelekea shuleni.

Kwa hiyo ndugu zangu wa mafagio, endeleeni, mji unawahitaji, ila jiiteni kikundi cha usafi. Mkitaka kuwa ule mtandao mwingine, anzeni kwa kumuuliza muuzaji wa pembejeo makopo yake matupu anayapokea wapi, na kama hayapokei mwandikieni barua, na vijiji jirani navyo viandike. Wakati mnasubiri jibu, kopo linasuuzwa mara tatu, maji ya kusuuzia yanarudi kwenye bomba la kupulizia yakapulizwe shambani, kopo linatobolewa asije mtu akalichotea maji ya kunywa, linafungiwa mbali na watoto. Kiberiti kiacheni jikoni.