Kadi ya kijani bado iko njiani: uombe udaktari sasa au ungoje?

Bahasha ya kaki ikitua mezani kwangu, huwa nakijua kilichomo kabla haijafunguliwa: cheti cha kuzaliwa, nakala ya KCSE, na karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Jumanne iliyopita aliyeileta alikuwa mama wa Ahero. Mwanawe yuko Minnesota. Alienda kwa viza ya mwanafunzi, akamaliza digrii ya biokemia, akaoa Mmarekani, na sasa anataka kuomba chuo cha udaktari. "Mwalimu, karatasi zimetoka," akaniambia huku akiinyoosha ile karatasi kwa kiganja. Kijana alikuwa ameituma kwa WhatsApp, ikachapishwa saiba ya pale stendi.

Niliisoma. Karatasi hazikuwa zimetoka. Zilikuwa zimepokelewa.

Simlaumu. Idara ya uhamiaji ya Marekani huandika barua zenye sura moja kwa mambo yasiyofanana hata kidogo. Tazama nambari ya fomu kwenye kichwa cha barua. Ukiona I-797C, yaani ile yenye C, mara nyingi hiyo ni stakabadhi tu, au wito wa kwenda kuchukuliwa alama za vidole. Ukiona I-797 bila C, mara nyingi kuna jambo lililokubaliwa, na hapo bado unauliza ni lipi. Kukubaliwa kwa fomu I-130 maana yake ni kwamba serikali imeamini huyu ni mumeo kweli, basi. Kinachomfanya mtu mkazi wa kudumu, mwenye kadi ya kijani, ni kukubaliwa kwa I-485, yaani ombi la ukazi wenyewe. Katikati ya safari hiyo huja kadi ngumu yenye picha, na familia nyingi hupiga vigelegele hapo. Ni kibali cha kazi. Kinakuruhusu kuajiriwa na kulipwa kihalali, lakini ukiipeleka chuoni ukisema ni kadi ya kijani utarudishwa.

Kabla sijaendelea, nikutoe kwenye mkanganyiko mwingine. Kiingereza kina neno moja, residency, kwa ukazi wa nchi na kwa ile miaka ambayo daktari mpya hufunzwa hospitalini baada ya kuhitimu. Nimewahi kukaa nusu saa na baba wa Bondo, yeye akizungumzia hili na mimi lile, na tukakubaliana kabisa. Hapa nazungumzia ukazi wa nchi.

Sasa, je, kijana aombe? Hakuna sheria ya Marekani inayomzuia mtu ambaye karatasi zake zinasubiri kuomba chuo cha udaktari. Vyuo vingi vya shahada ya M.D. hupokea maombi kupitia mfumo mmoja uitwao AMCAS, unaoendeshwa na umoja wa vyuo hivyo, AAMC, na mfumo wenyewe haumfukuzi mtu kwa sababu ya paspoti yake. Wanaoamua ni vyuo, kila kimoja kivyake. Kuna vinavyochukua raia na wakazi wa kudumu pekee. Kuna vinavyopokea wageni wa viza yoyote. Vya serikali huwapendelea watoto wa jimbo. Texas, kwa mfano, sheria inataka asilimia 90 ya nafasi katika vyuo vyake vya umma ziende kwa wakazi wa jimbo hilo. AAMC ina orodha ya kulipia, MSAR, inayoonyesha msimamo wa kila chuo kuhusu wageni. Inunue. Ni nafuu kuliko ada ya kuomba vyuo vitatu ambavyo havitakufungulia mlango.

Lakini hata ukiwa na orodha hiyo mkononi, sentensi inayokuhusu wewe mara nyingi haimo. Chuo kitaandika kwamba mwombaji "awe mkazi wa kudumu" bila kusema lini. Siku ya kutuma ombi? Siku ya mahojiano? Siku ya kuanza masomo? Umbali kati ya siku hizo ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. AMCAS hufunguliwa Mei, maombi huanza kutumwa mwishoni mwa Mei au mapema Juni, mahojiano huendelea hadi ndani ya mwaka unaofuata, na darasa huanza Julai au Agosti ya mwaka huo. Anayetuma Juni 2026 anawania kuketi darasani 2027. Katika miezi hiyo kumi na minne hivi, kadi inaweza kuja. Au isije.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ninayowapa wanafunzi wangu, kabla ya insha na kabla ya kutafuta barua za walimu, ni barua pepe fupi kwa ofisi ya udahili ya kila chuo. Iseme hivi, bila kulia wala kujieleza sana: nimewasilisha I-485 tarehe fulani, nina stakabadhi, bado sijajibiwa, je, mnataka kadi yenyewe ifikapo lini, na kabla ya hapo mtanihesabu katika kundi gani? Jibu likija, lihifadhi. Likija kwa simu, andika barua pepe ya kushukuru ukirudia ulichoambiwa, ili kiwe kwa maandishi. Watu wa udahili hubadilika katikati ya msimu.

Nina sababu ya kushupalia hili. Miaka yangu ya mwanzo katika kazi hii nilimshauri msichana mmoja ajaze "mkazi wa kudumu". Mahojiano yake na maafisa wa uhamiaji yalikuwa yameenda vizuri, afisa alikuwa hata ametabasamu, nasi tukajiambia kadi ni suala la wiki mbili tatu. Chuo kikaomba nakala ya kadi, mbele na nyuma. Hakuwa nayo. Ombi likasimamishwa, yakafuata maswali ya uaminifu, na mtoto wa watu akaandika maelezo ya kurasa mbili kuomba radhi kwa kosa ambalo lilikuwa langu. Mwishowe alijiondoa mwenyewe. Kadi ilifika baada ya miezi saba.

Kuna kosa baya kuliko hilo. Usiweke alama kwenye kisanduku cha "raia" mahali popote, iwe fomu ya chuo, ya kazi au ya leseni ya gari, ati kwa kuwa mke ni raia na mambo yako karibu. Kujidai raia wa Marekani kwa uongo ni jambo linaloweza kumfungia mtu ukazi maisha yake yote, na msamaha wake ni kama haupo. Ukikosa kwenye kisanduku cha ukazi, utapoteza chuo. Kwenye cha uraia, utapoteza nchi. Siku ya kujaza, andika ulivyo siku hiyo. Kadi ikija Machi, ijulishe kila ofisi ya udahili kwa maandishi na nakala juu.

Tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo ndoto nyingi hukwama hata baada ya chuo kusema ndiyo. Vyuo vingi vya udaktari vya binafsi hutoza zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka, karo tupu, bado nyumba na chakula. Wamarekani wenyewe hukopa serikalini. Mkazi wa kudumu anaweza kukopa pia, hata yule wa kadi ya miaka miwili ambayo hupewa mtu aliyepata ukazi ndoa yake ikiwa haijatimiza miaka miwili. Mwenye ombi linalosubiri hawezi. Na hata kwa wanaoweza, mambo yamebana: sheria iliyotiwa sahihi Julai 2025 inafunga kwa wakopaji wapya, kuanzia Julai 1, 2026, ule mkopo wa zamani uliofidia gharama yote ya masomo, na kuweka kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla kwa kozi kama udaktari. Piga hesabu ya miaka minne uone pengo.

Anayehesabiwa kama mgeni hubaki na mkopo wa benki, unaodai mdhamini raia au mkazi (hapa mke wa kijana wetu ana neno, na mdhamini analipa kweli mwenye deni akishindwa). Tena baadhi ya vyuo humtaka mgeni aweke kwenye akaunti ya amana karo ya mwaka mmoja, au hata ya miaka yote minne, kabla ya kukanyaga darasani. Nimehudhuria harambee za karo katika makanisa mengi ya Nyanza na ninajua mwisho wa harambee ni wapi. Hazijazi akaunti ya amana.

Msimamo wangu basi ni huu: ukishachuja vyuo, na ikabaki orodha ya vyuo vitano vitakavyokupokea bila kadi, ngoja msimu mmoja. Ada ya MCAT, ule mtihani wa kuingilia udaktari, na ya maombi hairudi, na kuomba mara ya pili kunaonekana. Ila angalia alama zako za MCAT zisichakae. Vyuo vingi vinataka mtihani usiopita miaka miwili au mitatu. Ikibaki kumi na tano, omba.

Wakati unangoja, usitoke Marekani ovyo. I-485 ikiwa inasubiri, ukavuka mpaka bila kibali cha kurudi kinachoombwa kwa fomu I-131, ombi huhesabiwa kwamba umeliacha. Walio kwenye viza chache za kazi ndio hunusurika. Naliweka hili hapa kwa sababu wanafunzi hupenda kuja nyumbani Desemba "kupata uzoefu wa hospitali", waandike kwenye ombi kwamba walifuata madaktari wodini pale Russia, kama tunavyoiita hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, kwa kuwa Wasovieti ndio waliojenga. Wazo zuri, wakati mbaya. Tena ukija, usikubali kudunga wala kushona mtu ili upate cha kusimulia. Vyuo vya Marekani havipendi mwanafunzi aliyefanya asichofunzwa.

Na kuna matanga. Kijana mmoja alinipigia saa nane usiku, bibi yake aliyemlea amefariki Siaya, tiketi tayari ameshikilia. Kibali cha kurudi alikuwa hajaomba. Upo utaratibu wa dharura na tuliujaribu, lakini kwetu tarehe ya maziko haimngojei afisa. Siku ya mazishi simu iliegemezwa kwenye thermosi ya chai juu ya kiti cha plastiki, mbele ya hema, ili aone. Upepo uliiangusha mara mbili. Omba I-131 pamoja na I-485, hata kama huna safari.

Kwa walio huku nyumbani, ambao mzazi amewaombea kutoka Marekani, hadithi ni nyingine. Kwanza, huko kwa kawaida hakuna kuingia udaktari moja kwa moja kutoka Form Four. Ni digrii ya kwanza, kisha miaka minne. Na vyuo vingi vinataka masomo yaliyosomwa Marekani au Kanada. Mzazi husema basi, atangulie kwa viza ya mwanafunzi huku ukazi ukija polepole. Fomu ya viza, DS-160, inauliza kama kuna mtu aliyewahi kukuombea uhamiaji. Utajibu ndiyo, kwa kuwa ndiyo kweli, kisha kule Gigiri, kwenye ubalozi wa Marekani, utatakiwa kumshawishi afisa kwamba utarudi Kenya ukimaliza. Wachache huweza. Halafu kama mzazi ana kadi tu, hajawa raia, ukioa au ukiolewa ombi lako limekufa. Mwambieni shangazi anayeharakisha arusi.

Mtoto wa namna hiyo akipata nafasi ya udaktari Maseno, Moi kule Eldoret, Masinde Muliro au Egerton hapo Nakuru, mimi humwambia aichukue. Ni miaka sita, na shida yake ni kwamba kadi inaweza kuja ukiwa mwaka wa nne. Viza ya uhamiaji ikitoka ina siku zake, kwa kawaida haipiti miezi sita, ni lazima uingie. Ukishaingia, huwezi kurudi Eldoret kukaa miaka kama hujapata kibali cha kurejea, kinachoombwa ukiwa ndani ya Marekani na kudumu hadi miaka miwili. Nimeona mwanafunzi akiyapanga haya akamaliza MBChB yake, yaani digrii ya udaktari, bila kupoteza ukazi, na sasa anasomea USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani. Kadi itamfaa zaidi huko mbele, akitafuta hospitali ya kumfunza, kwani hatahitaji kudhaminiwa viza wala hatabanwa na ile miaka miwili ya kurudi kwao ambayo daktari wa viza ya J-1 hudaiwa.

Mama wa Ahero alinisikiliza hadi mwisho. Tulimpigia kijana, kwake kulikuwa hakujakucha, nikampa orodha ya barua pepe za kuandika na swali la I-131. Hakuwa ameomba. Mama akaikunja karatasi yake mara nne, akairudisha kwenye bahasha, kisha akaitoa tena akaweka kidole juu ya nambari ya fomu.

"Kwa hiyo mwalimu, hii C inatoka lini?"