Nakala ya hukumu haihitaji wakili jamani

Kuna watu hapa Dodoma wanaamini ukitaka nakala ya hukumu lazima uwe na wakili, siyo kweli kabisa. Kama ulikua mdaawa, yaani mmoja wa pande kwenye kesi, andika barua mwenyewe, weka namba ya kesi na mwaka, majina ya pande zote na tarehe ya hukumu, upeleke mahakama ileile iliyosikiliza. Kesi ya mahakama ya mwanzo Kongwa anzia hukohuko Kongwa, usipande basi kuja mjini bure. Za Mahakama Kuu na ya Rufani nyingi zipo bure mtandaoni kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Ila ndugu zangu msichelewe, rufaa toka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30 tu!