Dirisha linalojua jua: kioo kinyonga ni nini?

Ikifika saa tisa alasiri Kisumu, huna haja ya dira kujua dirisha gani linatazama magharibi. Simama barabarani uangalie ghorofa: utaona manila, magazeti ya wiki iliyopita, hata kipande cha leso kilichoshikizwa kwa seloteipu. Ndani taa zinawaka mchana kweupe. Mwenye ofisi alilipia kioo kikubwa ili aone ziwa, kisha akakiziba ili asiive.

Kioo kinyonga kinatafutwa kwa ajili ya mtu kama huyo. Ni kioo kilichopakwa, au kuchanganywa, na kitu kinachobadili kiasi cha mwanga au joto kinachopita, kisha kinarudi kilivyokuwa. Hapo kwenye kurudi ndipo penye kazi. Tinti tunayobandika kwenye magari haibadiliki: inakupunguzia jua la saa tisa, na asubuhi ya mvua ya Aprili inakunyima mwanga vilevile. Watafiti huyaita madirisha haya madirisha erevu, jina lililoenea tangu miaka ya 1980 kupitia kazi za mwanafizikia Claes-Göran Granqvist wa Uswidi na wenzake. Mimi nafundisha fizikia, na darasani nimeona kinyonga anaeleweka haraka kuliko erevu.

Vinyonga hawa ni wa aina kadhaa, na njia rahisi ya kuwatenganisha ni kuuliza nani anatoa amri: mwanga, umeme au joto.

Anayeamrishwa na mwanga huenda unamvaa usoni. Mama yangu alinunua miwani ya aina hiyo, ile inayokuwa nyeusi juani, na wiki haikuisha kabla hajaanza kunung'unika. "Mwanangu, miwani hii ni mivivu. Kwenye matatu haigeuki kabisa, na hata nje saa saba haifikii ule weusi wa kwenye picha." Alidhani ameuziwa feki. Hakuuziwa feki. Ndani ya lenzi za plastiki kuna molekuli zinazobadili umbo zikipigwa na miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, na zikiwa katika umbo hilo jipya zinameza mwanga. Kioo cha mbele cha gari kinazuia sehemu kubwa ya miale hiyo, kwa hiyo amri haifiki. Na huko nje joto lenyewe linazirudisha molekuli katika umbo la mwanzo upesi, kabla hazijajikusanya kuwa nyeusi. Miwani hiyohiyo, akiivaa Molo asubuhi ya baridi yenye jua kali, itakuwa nyeusi zaidi kuliko Kisumu saa saba. Ukitaka kioo cha kupambana na joto, kinyonga anayelegea joto likizidi si wa kumtegemea.

Anayeamrishwa na umeme ndiye aliyefika mbali zaidi sokoni. Ukipanda ndege ya Dreamliner ya Kenya Airways utaona dirisha halina pazia la kushusha. Chini yake kuna kitufe. Unabonyeza, na jeli iliyo kati ya tabaka za dirisha inaanza kuwa na giza taratibu. Kwenye majengo kazi hiyo mara nyingi hufanywa na oksidi ya tungsteni (metali hiyo ikiungana na oksijeni), ambayo mtafiti S. K. Deb alionyesha mwaka 1969 kwamba inaweza kubadilishwa rangi kwa umeme. Inapakwa juu ya kioo kwa unene usiofika sehemu moja ya elfu ya milimita. Pande zote mbili kuna tabaka linalopitisha umeme huku likionyesha nje, na katikati kuna kitu kinachopitisha ioni za lithi, yaani atomi za lithi zenye chaji ya umeme. Ukiwasha volti chache tu, ioni na elektroni zinaingia kwenye oksidi na kioo kinakuwa buluu. Ukigeuza mkondo, zinatoka na buluu inaondoka. Kwa kifupi ni betri unayoweza kutazama upande wa pili, na kama betri, inatumia umeme wakati wa kubadilika tu. Stima ikipotea, inabaki ilivyokuwa kwa saa kadhaa.

Kwetu shida yake, ukiacha bei, ni kwamba buluu ile inafanya kazi kwa kumeza jua. Jua lililomezwa haliendi popote. Linakuwa joto ndani ya kioo chenyewe. Weka mkono juu yake uone. Ndiyo maana kinatengenezwa mara mbili, vioo viwili vyenye nafasi katikati, kile cha nje kiwe moto na cha ndani kisipate. Dirisha kubwa nalo linachukua dakika kadhaa kubadilika, muda ambao wingu la Kisumu limeshapita.

Wa tatu, anayeamrishwa na joto, ndiye ninayempenda, na huyo kwa jicho ni kama habadiliki. Karibu nusu ya nishati ya jua inayotufikia haionekani: ni miale ya infraredi. Oksidi ya vanadi, ile yenye atomi mbili za oksijeni kwa kila moja ya metali iitwayo vanadi, inaiacha miale hiyo ipite ikiwa baridi. Ikifika nyuzijoto 68 atomi zake zinajipanga upya, elektroni zinafunguka, na inageuka kuwa kama chuma: inairudisha infraredi ilikotoka. Mwanga wa kuonea unabaki karibu uleule. Hakuna waya wala kitufe. Mtafiti F. J. Morin aliigundua tabia hiyo mwaka 1959, na tangu hapo watu wanahangaika na ile 68, kwa sababu kioo cha dirisha kikifika joto hilo mwenye nyumba ameshahama. Dawa iliyopatikana ni kuchanganya tungsteni kidogo: badilisha kama atomi mbili katika kila mia za vanadi, na kizingiti kinashuka hadi karibu na joto la chumba.

Lakini kila dawa ina gharama yake. Tungsteni ikiingia, tofauti kati ya hali mbili inapungua. Kioo kina rangi ya manjano inayoelekea kahawia, kama chai ya rangi iliyozidishwa maji. Tena hewa yenye unyevu inaigeuza oksidi hiyo ya vanadi polepole kuwa oksidi nyingine isiyo na tabia hiyo, na mji wa ziwani hauna upungufu wa unyevu. Kazi nyingi ya watafiti sasa iko hapo: kuipaka kinga, kuisaga iwe chembe ndogo sana ndani ya plastiki, kupunguza ile manjano.

Ikweta nayo ina neno. Kisumu jua linapita karibu na utosi, kwa hiyo ukuta wa kaskazini na wa kusini unakingwa na paa lililotokeza tu, kama varanda za maduka ya zamani ya Oginga Odinga Street. Jua la saa tisa na kuendelea, linalokuja chini chini kutoka upande wa ziwa, ndilo linalopenya chini ya varanda. Kama ningekuwa na pesa ya kioo kinyonga kimoja, kingeenda magharibi, na kwingine ningeongeza paa.

Nilimweleza haya fundi wa alumini karibu na Kondele, akiwa anakata fremu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akazima mashine.

"Sasa mwalimu, hicho cha tatu. Kama hakibadiliki rangi, kastoma atajuaje amepata alicholipia?"

Nikamwambia atajua siku atakapobandua manila. Akacheka, akasema huyo kastoma kwanza ataita fundi alalamike.