Je, wajua "hamburger" haihusiani na nguruwe?

Kwa miaka mingi niliikwepa hamburger. Nilijua "ham" ni paja la nguruwe, nikaona hakuna cha kuuliza zaidi, na wenzangu nikawaonya. Siku moja muuza baga aliniapia, "Kaka, hii ng'ombe tupu," nami nikambishia mbele ya foleni nzima, nikimtafsiria jina la chakula chake mwenyewe.

Kumbe jina ni la mji: Hamburg, bandari ya Ujerumani kwenye mto Elbe. Kijerumani hutia -er mwishoni pale sisi tunapotia m- mwanzoni, hivyo mtu au kitu cha Hamburg ni Hamburger. Nyama ya ng'ombe ya kusaga ililiwa Marekani kwa jina la mji huo tangu karne ya 19. Nani aliipachika kwanza ndani ya mkate? Miji kadhaa ya Marekani inagombea sifa hiyo, kila mmoja na ushahidi wake mwepesi. (Na ng'ombe si lazima awe halali. Hilo muulize mchinjaji; jina halikujibu.)

Utamu uko kwenye mshono. Neno lilishonwa Hamburg-er, Waingereza na Wamarekani wakalifumua ham-burger, yaelekea kwa kuwa "ham" walikuwa nayo tayari jikoni. Chukulia urojo ungeuzwa ughaibuni kwa jina la "zanzibari". Mteja asiyejua ramani anadhani "zanzi" ni kiungo fulani na "bari" ndilo bakuli lenyewe. Kesho anatangaza kukubari, keshokutwa samakibari. Ndivyo ilivyokuwa: kufikia miaka ya 1930 jibini ilishaingia, ikawa cheeseburger, na "burger" ikabaki kusimama peke yake. Kwa Kijerumani "burg" ni ngome. Sisi tukaipokea hivyo hivyo, imekatwa: baga.

Tusiwacheke. Katika kitab ya Kiarabu, ile k ni ya mzizi wa neno. Sisi tukaisikia ki- kama ya kiti, tukazaa vitabu, wakati Waarabu wenyewe husema kutub. Kisha zikaja alama za barabarani za Kiingereza, "keep left", yaani pita kushoto. Amri ikageuka kitu, ule mzunguko wa barabarani, "keep" ikawa ki-, na leo ukipotea mjini bodaboda anakuelekeza bila kusita: "Pita vipilefti viwili, cha tatu kata kulia."