Kipandauso: usiache omena kabla ya kuandika daftari

Hapa Kisumu kichwa kikiuma, wa kwanza kushukiwa ni malaria. Ni sawa kabisa: ukanda wa ziwa una malaria mwaka mzima, na maumivu ya kichwa yenye homa yapimwe siku hiyohiyo. Lakini wapo wanaopimwa wasipatikane na vimelea, wakapewa dawa ya maumivu, kisha baada ya wiki kadhaa kichwa kikarudi vilevile. Kinagonga upande mmoja, mwanga hauvumiliki, honi za matatu zinachoma, tumbo linachafuka hadi kutapika. Bila dawa, hali hiyo hudumu kati ya saa 4 na 72. Hicho ni kipandauso, na wanawake hukipata takriban mara 3 zaidi ya wanaume.

Mwenye kipandauso hakosi washauri. Huyu atamwambia aache mayai, yule omena, mwingine njugu au maziwa ya mgando. Kwenye kliniki ya lishe tunawapokea watu waliokwisha kuacha vyakula vingi vya protini, na kichwa bado kinauma. Hili linanisikitisha sana. Omena inayoliwa na mifupa yake ndiyo protini na kalsiamu ya bei nafuu katika nyumba nyingi za hapa. Kuiondoa mezani bila ushahidi ni kumnyima mtu chakula na kumwachia ugonjwa wake.

Ni kweli vipo vyakula na vinywaji vinavyoamsha kipandauso kwa baadhi ya watu. Pombe, hasa mvinyo mwekundu, hutajwa sana. Vingine ni nyama zilizosindikwa kwa naitraiti (kemikali ya kuhifadhi nyama), kama soseji na smoki, na jibini iliyokomaa, ambayo ina tiramini, kemikali inayojitengeneza jibini inapokomaa. Chokoleti nayo hulaumiwa, ila hapa pana mtego. Saa kadhaa kabla ya maumivu, hata siku 1 au 2, kipandauso huwa kimeshaanza ndani ya ubongo: mtu anapiga miayo, shingo inakaza, anatamani vitu vitamu. Anakula chokoleti kwa sababu kipandauso kimeshaingia, halafu anadhani chokoleti ndiyo iliyokileta.

Kwa hiyo anza na daftari. Kwa muda wa wiki 4 usiache chakula chochote. Andika tu ulichokula na saa uliyokula, maji, usingizi, hedhi, dawa ulizomeza, na saa kichwa kilipoanza. Chukulia mama anayeuza mitumba soko la Kibuye ameandika hivi: “Jumapili. Nimelala saa 6 usiku, nimeamka saa 11 alfajiri. Chai ya rangi bila kitafunio. Maji sikunywa. Saa 9 alasiri smoki mbili na kachumbari. Saa 11 jioni kichwa.” Yeye atailaumu smoki. Mimi ninaona muda wa saa 10 bila kula, jua, kiu, na usingizi wa saa 5. Kukosa mlo ni miongoni mwa vichocheo vinavyojulikana zaidi. Ale uji au viazi vitamu kabla ya kutoka, abebe chupa ya maji, kisha ale smoki ileile Jumapili nyingine kadhaa. Kichwa kikitulia, smoki haina kesi.

Chai na kahawa pia ziangaliwe kwa makini. Aliyezoea vikombe vingi kila siku akikatiza ghafla, kichwa kinaweza kuuma ndani ya saa 12 hadi 24 kwa kukosa kafeini. Ukitaka kupunguza, punguza taratibu kikombe kwa kikombe, na usifanye hivyo wakati uleule unaoacha chakula kingine, maana hutajua kipi kimefanya nini.

Daftari likionyesha mshukiwa anayejirudia, hapo ndipo unamwondoa. Chagua kimoja au viwili, si kumi. Mwezi mmoja unamtosha anayeumwa mara nyingi. Anayeumwa mara moja kwa mwezi asubiri zaidi, kwani wiki 4 za utulivu kwake si ushahidi wa lolote. Kinachoondoka kipate mbadala: kama ni mayai, maharagwe, ndengu au samaki vijaze nafasi.

Kisha kirudishe. Wengi huishia katikati, wakapata nafuu na kuogopa chakula hicho maisha yote, kumbe nafuu ililetwa na usingizi bora au mwezi usio na msongo. Rudisha kimoja kwa wakati, kiasi cha kawaida, kwa siku 2 au 3, halafu tazama hadi wiki iishe. Kichwa kikiuma, acha, tulia, ujaribu tena siku nyingine. Kikiuma tena na tena, umempata. Mara moja tu inaweza kuwa sadfa. Vipimo vya damu vinavyouzwa kwa ahadi ya kuonyesha chakula kinacholeta kipandauso haviwezi kuchukua nafasi ya kazi hii. Hifadhi pesa zako.

Watoto, wajawazito, wanaonyonyesha, wenye kisukari na waliopungua uzito wasifanye haya bila mtaalamu. Na hesabu vidonge kwenye daftari: dawa za kawaida za maumivu zikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, au zile za mchanganyiko (kidonge kimoja chenye dawa mbili au zaidi) siku 10 au zaidi, kwa miezi 3 mfululizo, zenyewe zinaweza kusababisha kichwa kuuma.

Maumivu makali yanayolipuka ghafla, homa na shingo ngumu, kufa ganzi au kulegea upande mmoja, kuumwa baada ya kugonga kichwa, maumivu mapya wakati wa ujauzito au baada ya miaka 50: hayo si ya daftari. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.